Kiti cha Magurudumu: Historia ya Chombo na Haki ya Kukichagua

Kiti cha magurudumu, ambacho Tanzania huitwa pia kiti mwendo, ni chombo cha mtu asiyeweza kutembea au anayetembea kwa taabu. Kina kazi mbili kwa wakati mmoja: kumpeleka mtu anakotaka na kumkalisha vizuri kwa saa nyingi mfululizo. Machela hubebwa na wengine, na mkongojo humtaka mtumiaji awe na nguvu kiasi miguuni. Kiti hushikana na mwili wa mwenyewe tangu alfajiri hadi usiku, kwa hiyo kisipomfaa humjeruhi. Historia yake ina zaidi ya miaka 400, na mambo mengi ndani yake yamebadilika: mbao zimeachia chuma, chuma kimeachia alumini, mikono imesaidiwa na betri. Lililoamua ubora wa kiti katika kila zama ni suala la nani alikichagua. Vilivyochaguliwa na wasukumaji viliwafaa wasukumaji. Vilivyobuniwa na wanaovikalia, au vilivyopimwa juu ya miili yao, ndivyo vilivyowafungulia watu mlango wa kutoka nje.

Kiti cha mfalme na kiti cha fundi saa

Mwaka 1595 mtu wa kasri aitwaye Jehan Lhermite alichora kiti cha Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyekuwa akiteswa na jongo. Kilikuwa na mgongo wa kulazwa, sehemu ya kunyooshea miguu, na magurudumu madogo mwishoni mwa miguu ya kiti. Mfalme hakuweza kuyafikia magurudumu hayo, wala hakutarajiwa kuyafikia. Palikuwa na watumishi wa kumsukuma. Kilikuwa kiti cha starehe, lakini safari zake zilitegemea mikono ya watu wengine.

Miaka 60 baadaye alitokea mtu asiyekuwa na watumishi. Stephan Farffler alikuwa fundi saa wa Altdorf, karibu na Nuremberg nchini Ujerumani, na miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni. Mwaka 1655, akiwa na umri wa miaka 22, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu. Alichukua ujuzi wa meno ya saa, uliokuwa kazi yake ya kila siku, akaunganisha gurudumu la mbele na mikono miwili ya kuzungusha. Nguvu ya mikono yake ikawa mwendo wa kiti. Baiskeli za mkono zinazoonekana leo katika miji ya Afrika Mashariki zinafuata wazo hilo hilo: anayekalia ndiye anayeendesha.

Wazo la Farffler halikuenea haraka. Katika karne ya 18 kilichopata wateja ni kiti cha mji wa Bath nchini Uingereza, ambako wagonjwa walikwenda kuoga katika chemchemi za maji ya moto. Jina la mtengenezaji John Dawson linahusishwa na kiti hicho kuanzia mwaka 1783. Kilikuwa na magurudumu mawili makubwa nyuma, moja dogo mbele, na mpini mrefu wa usukani mkononi mwa aliyeketi. Mwenye kiti aliweza kukata kona, lakini wa kusukuma au kuvuta alikuwa mtu mwingine au mnyama. Viti hivyo vilikuwa vizito na vilitengenezwa kwa ajili ya barabara za mji wa matembezi. Ndani ya nyumba ya kawaida havikupita.

Bomba za chuma na kiti cha kukunja

Nchini Marekani hataza ya mwaka 1869 ilionyesha kiti chenye magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele, mpangilio ambao ungali wa kawaida hadi leo. Baada ya hapo viliongezwa vyuma vya mviringo pembeni mwa magurudumu makubwa ili mtumiaji asukume bila kushika tairi lenye vumbi na tope. Kiti kikaanza kuwa cha kujiendesha. Hata hivyo, viti vingi bado vilikuwa vya mbao, vipana na vizito.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa mtu mwenye ulemavu na rafiki yake. Herbert Everest alikuwa mhandisi wa madini aliyevunjika mgongo katika ajali ya mgodini mwaka 1918. Alitaka kusafiri kwa gari, lakini kiti chake hakikuingia garini. Pamoja na Harry Jennings, mhandisi wa mitambo, alibuni katika miaka ya 1930 kiti cha bomba za chuma chenye vyuma viwili vilivyopishana chini ya kalio la kiti kama herufi X. Kalio lenyewe lilikuwa la kitambaa. Mtu akikivuta kitambaa hicho juu katikati, kiti hukunjamana na kuingia nyuma ya siti. Kiti cha kukunja kinachoonekana leo katika korido za hospitali nyingi duniani ni mjukuu wa kiti hicho.

Wakati huo huo, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyepooza miguu baada ya kuugua mwaka 1921, alichagua njia nyingine. Alichukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, mfano wa kile cha jikoni, akakiwekea magurudumu. Kilikuwa chembamba, kilipita milangoni, na hakikufanana na kifaa cha hospitali. Uamuzi wake ulionyesha jambo ambalo wataalamu walikuja kuliandika miongo mingi baadaye: kiti huchaguliwa kwa kutazama mlango kitakaopita na kazi atakayofanya mwenyewe, pamoja na hali ya miguu yake.

Vita, michezo na soko

Vita vya Pili vya Dunia viliacha maelfu ya vijana waliojeruhiwa uti wa mgongo. Mwaka 1944 Daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza kituo cha majeraha hayo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Alisisitiza wagonjwa wageuzwe kitandani mara kwa mara, kwa kuwa vidonda vya mgandamizo ndivyo vilivyokuwa vikiwaua wengi, kisha wafundishwe kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, watu 16 wenye majeraha hayo walishindana kurusha mishale katika uwanja wa hospitali. Kutokana na mashindano hayo ilizaliwa Paralimpiki, ambayo mara ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960. Michezo ikawa kipimo kipya cha kiti: mchezaji wa mpira wa kikapu aliona upesi kwamba kiti kizito cha hospitali hakigeuki wala hakikimbii.

Nchini Kanada, mvumbuzi George Klein na wenzake walitengeneza kiti cha umeme kwa ajili ya askari wa zamani waliopooza mikono na miguu. Nguvu ya kidole ikatosha kumwendesha mtu ambaye zamani asingeondoka alipowekwa.

Uingereza nayo ilitoa somo la uchaguzi uliofanywa kwa niaba ya wengine. Baada ya vita, serikali iliwapa watu wengi wenye ulemavu kigari cha magurudumu matatu kiitwacho Invacar. Kiliwasaidia wengi kufika kazini, lakini kilikuwa na siti moja tu. Mzazi hakuweza kumpakia mtoto wake, wala mume kumpakia mkewe. Watumiaji walilalamikia pia usalama wake, hasa upepo unapokuwa mkali. Vigari vya mwisho viliondolewa barabarani mwaka 2003.

Marekani tatizo lilikuwa soko. Kampuni ya Everest & Jennings, iliyozaliwa na kiti cha kukunja, ilikua mno hata mwaka 1977 serikali ikaifungulia kesi ya kuhodhi biashara ya viti. Kwa miaka mingi kiti cha chuma chenye uzito wa kilo 20 hivi kilikuwa karibu ndicho pekee ambacho mtu angeandikiwa, awe mzee wa kukaa barazani au kijana wa chuo. Marilyn Hamilton wa California alikikuta kiti hicho baada ya kuvunjika mgongo mwaka 1978, alipoanguka akiruka angani kwa tiara kubwa ya kumbeba mtu. Aliwaomba marafiki zake wawili waliokuwa wakitengeneza tiara hizo wamuundie kiti kwa bomba zile zile za alumini. Kilichotoka kilikuwa na uzito wa kilo 12 hivi, kilirekebishika kulingana na mwili, na kilipakwa rangi ya kuvutia. Kwa jina la Quickie, kilienea haraka na kuwalazimisha watengenezaji wengine kubadilika. Mara nyingine tena mabadiliko yalianzia kwa aliyeketi.

Afrika Mashariki: mchanga, mashimo na karakana

Katika Afrika Mashariki vifaa vya zamani vya mtu asiyetembea vilikuwa mkongojo, mgongo wa ndugu na viganja vyake mwenyewe. Watu wazima waliopooza kwa polio walitambaa na kandambili mikononi ili viganja visiungue juani wala kukatwa na mawe. Chanjo imeubadilisha ukurasa huo: tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kutokuwa tena na virusi vya asili vya polio. Mahitaji ya viti hayakwisha. Wanaovihitaji leo ni pamoja na walioumia uti wa mgongo katika ajali za barabarani au kwa kuanguka kutoka minazi na miembe, watoto wenye mtindio wa ubongo au mgongo wazi, waliopata kiharusi, na waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari. Kila kundi lina mwili wake, na kiti kimoja hakiwezi kuwatosha wote.

Vifaa vilianza kutengenezwa hapa hapa. Nchini Kenya, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kijulikanacho kama APDK kilianzishwa mwaka 1958, na kwa miaka mingi karakana zake zimetengeneza viti na baiskeli za magurudumu matatu. Karakana zake za Bombolulu, Mombasa, zilizoanza mwaka 1969, ziliwapa watu wenye ulemavu ajira za ufundi. Nchini Tanzania, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, kilianzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi. Kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na nje yake.

Hata hivyo, viti vingi vilivyofika mikononi mwa watu vilikuwa vya msaada, mara nyingi vya aina ya hospitali. Viliharibika upesi, na sababu zilikuwa za kiufundi. Kiti cha hospitali kimeundwa kwa sakafu laini. Magurudumu yake ya mbele ni madogo na membamba. Yakiingia kwenye mchanga au shimo hukwama ghafla, kiti kikapinduka na kumtupa mtu kifudifudi. Matairi yake hayafanani na ya baiskeli za mtaani, kwa hiyo tairi likikatika hakuna duka lenye la kubadilisha. Beringi zake zikiingia vumbi hukwaruza na kufa. Kalio la kitambaa hulegea katikati kama machela, nyonga zikabanana na mgongo ukapinda. Baada ya muda kiti huegeshwa nyuma ya nyumba, na mwenyewe hurudi kutambaa.

Jibu la tatizo hilo lilitafutwa na watumiaji wenyewe. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza katika ajali ya pikipiki mwaka 1966, alikwenda Nicaragua mwaka 1980 na kukuta vijana waliopooza wakichangia kiti kimoja na kukitengeneza kila kilipovunjika. Alijifunza kwao, na kuanzia hapo alizunguka nchi nyingi akiwafundisha mafundi kuunda viti kwa bomba na vipuri vinavyopatikana madukani kwao. Mawazo yalisafiri pande zote. Gurudumu la mbele la mpira mpana, lisilohitaji upepo na lisilozama mchangani, lilitoka Zimbabwe, na watengenezaji wa viti duniani wanaliita gurudumu la Zimbabwe. Kampala, wanawake wenye ulemavu walianzisha karakana iitwayo MADE, wakachomelea na kuuza viti walivyounda wao wenyewe.

Mwingereza David Constantine, aliyepooza baada ya kujirusha majini nchini Australia, aliungana na Simon Gue, mwanafunzi mwenzake wa usanifu, wakaanzisha shirika la Motivation mwaka 1991. Kazi yao ya kwanza ilikuwa Bangladesh. Baadaye shirika hilo lilishirikiana na TATCOT kuanzisha mafunzo ya mafundi wa viti mjini Moshi. Mojawapo ya miundo iliyoenea kutokana na juhudi za namna hii ni kiti cha magurudumu matatu. Gurudumu lake la mbele ni moja, kubwa kiasi, na limesogezwa mbali mbele ya miguu. Kwa kuwa uzito wa mtu hukaa nyuma kabisa ya gurudumu hilo, kiti hupanda tuta na kuvuka mchanga bila kupinduka kirahisi. Gharama yake ni urefu: hakigeuki katika choo chembamba wala katika korido ya nyumba za kupanga. Anayeishi kijijini na kwenda shamba hunufaika nacho, ilhali karani wa ofisi ya mjini huhitaji kiti kifupi chenye magurudumu manne.

Baiskeli ya mkono ina nafasi yake pia. Mnyororo wake huzungushwa kwa mikono mbele ya kifua, na hufaa kwa safari ndefu na mizigo. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wafanyabiashara wenye ulemavu wamejipatia riziki kwa kuvusha bidhaa juu ya baiskeli hizo. Kati ya Kinshasa na Brazzaville nako wenzao wamezipakia kwenye vivuko vya Mto Kongo, wakisaidiwa na nafuu ya nauli waliyopewa. Lakini baiskeli hiyo hubaki nje ya mlango. Aliye nayo huhitaji chombo kingine cha kumwingiza chumbani.

Kupima mwili na kupima mahali

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa utoaji wa viti vya kusukuma kwa mikono katika nchi zenye rasilimali chache. Ulikadiria kwamba karibu asilimia 1 ya watu, yaani milioni 65 kwa wakati ule, walihitaji viti. Ulieleza pia kiti kinachofaa kuwa ni kile kinachotosheleza mahitaji ya mtu na mazingira yake, kinachomkaa vizuri na kumshikilia mwili, kilicho salama na imara, na kinachoweza kupatikana na kutengenezwa nchini kwa bei inayohimilika. Huduma iligawanywa katika hatua 8: rufaa na miadi, tathmini, uchaguzi wa kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kukijaribu mwilini, kumfundisha mtumiaji, na matengenezo pamoja na ufuatiliaji.

Tathmini huanza kwa maswali. Mtu analala wapi na anahamaje kutoka kitandani? Choo kiko umbali gani, na mlango wake una upana gani? Anakwenda shule, sokoni, msikitini au kanisani, na njia yake ni ya lami, mchanga au kifusi? Ana hisia kwenye makalio? Aliwahi kupata kidonda? Majibu hutolewa na mwenyewe, hata pale ndugu aliyemleta anapokuwa na haraka ya kujibu.

Kisha hupimwa mwili akiwa ameketi wima. Upana wa kalio la kiti hufuata upana wa nyonga. Kiti kipana kupita kiasi humfanya aegemee upande mmoja na kunyoosha mikono mbali ili kuyafikia magurudumu. Kina chake hupimwa kutoka nyuma ya nyonga hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita chache, kwani ukingo ukigusa goti mtu huteleza mbele na kukalia mkia wa uti wa mgongo. Sehemu ya kuwekea miguu ikiwa juu mno, mapaja huinuka na uzito wote kurudi kwenye mifupa ya makalio. Ikiwa chini mno, miguu huning'inia. Mgongo wa kiti kwa anayejisukuma mwenyewe hufupishwa ili mabega yawe huru, na kwa asiyeweza kuushikilia mwili hurefushwa.

Mto wa kukalia ni sehemu ya kiti, wala si pambo lake. Mtu asiye na hisia hasikii ngozi yake inapokufa chini ya mfupa. Kuna njia rahisi ya kuupima mto, inayofundishwa katika mafunzo ya msingi ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2012. Mtu akiwa juu ya mto, mhudumu huingiza ncha za vidole kati ya mto na mfupa wa kalio. Vidole vikiweza kuchezeshwa juu na chini kidogo, mto ni salama. Vikishindwa kuchezeshwa lakini vikatoka kwa urahisi, kuna tahadhari. Vikibanwa hata kutoka ni shida, mto huo utaleta kidonda na lazima ubadilishwe. Kipande cha sponji kilichochongwa vizuri na kupimwa hivi humlinda mtu kuliko kiti cha bei kubwa kisicho na mto.

Kuchagua kama haki

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka uliofuata Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 20 ya mkataba inahusu mtu kwenda anakotaka, kwa namna na wakati anaouchagua mwenyewe, kwa gharama anayoweza kuimudu. Maneno hayo yaliutoa uchaguzi wa kifaa katika fungu la hisani na kuuweka katika fungu la haki.

Pengo bado ni kubwa. Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kisaidizi kimoja, kuanzia miwani na shimesikio hadi kiti, na karibu bilioni 1 hawavipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata hawafiki hata asilimia 5 ya wanaovihitaji. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa viti, unaohusu nchi zote, tajiri na maskini.

Katika mpangilio wa hatua 8, ya mwisho ndiyo huamua kama zilizotangulia zilifaa. Mtoto hukua, kiti kikambana. Spoki hukatika, breki hulegea, sponji hukandamana. Mwenye kiti hurudi karakanani, akaeleza kinamuumiza wapi na kinamkwamisha wapi, na vipimo huchukuliwa upya.